Kidato cha Mwisho

Kwetu Tanga ilikuwa saa nne usiku. Kwake Leicester ilikuwa saa moja tu, lakini giza lilikuwa limeshaingia tangu saa kumi jioni. Dada yangu alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ili abaki na mikono yote miwili. Mkono mmoja ulishika wembe. Juu ya sahani palikuwa na kidonge cheupe cha sitalopramu, dawa ya sonona, miligramu 10, kidogo kama punje ya choroko.

Akakata. Nusu moja ikaruka hadi kwenye sinki, nusu nyingine ikamomonyoka ukingoni. Akalowesha ncha ya kidole, akaokota chenga moja moja, akalamba.

"Nusu hizi ni za wiki mbili tu, mdogo wangu," aliniambia. "Halafu basi. Miaka sita yatosha."

Nikampongeza.

Zile pongezi zimenikaa kooni wiki sita sasa. Dada amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje jina.

## Siku ya tano

Alishuka kama alivyoelekezwa kwenye kliniki ya mtaani kwake: miligramu 20 hadi 10, akae wiki mbili, 10 hadi 5, akae wiki mbili, kisha aache. Ukiitazama karatasini ni ngazi nzuri kabisa, na hatua mbili za mwisho ni fupi kuliko ya kwanza. Mimi hufundisha fizikia, na kila muhula nawaambia wanafunzi wasiiamini grafu kabla hawajasoma mihimili yake. Ngazi hii niliiona salama.

Kutoka 20 hadi 10 hakuhisi kitu. Kutoka 10 hadi 5 akaanza kupata usingizi wa mang'amung'amu. Siku ya tano baada ya kuacha kabisa alinipigia akiwa amekaa sakafuni bafuni. Alisema kila akigeuza macho anahisi kama shoti ya umeme inakatiza ndani ya kichwa, sikio hadi sikio. Asubuhi yake alikuwa amelia kituoni kwa sababu basi lilimpita.

"Imerudi," alisema.

Alimaanisha sonona. Kliniki nao wakamwambia hivyohivyo: ugonjwa umerudi, arudi kwenye 20, na huenda ikambidi aitumie maisha yake yote. Akarudi. Siku ya tatu zile shoti zikakoma.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Sonona ya miaka sita iliyopita ilimwingia polepole, mwezi baada ya mwezi, na haikuwa na shoti hata moja. Hii ilikuja siku ya tano baada ya kidonge kutoka, ikaondoka siku ya tatu baada ya kidonge kurudi. Ugonjwa gani unafuata kalenda ya kidonge namna hiyo?

## Nilichomwambia kwanza

Kilichomfanya dada atake kuacha dawa ni habari. Julai 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za miaka mingi, wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Magazeti ya Uingereza yakaibeba. Dada aliisoma baadaye sana, akajiona amedanganywa. "Miaka sita nakunywa dawa ya kitu ambacho hakipo?"

Nilitaka kumtuliza. Nikamwambia kwamba kuna mashine ya PET inayopima mfumo wa serotonini ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, si kwa kukisia, kwa kupima.

"Kwa hiyo mimi wangenipima wangeiona sonona yangu?"

"Wangeiona," nilimjibu.

Usiku uleule nikaanza kusoma ili nimtumie ushahidi. Kadiri nilivyosoma ndivyo jibu langu lilivyopukutika, na mahali pake pakaota jambo jingine ambalo sikuwa nikilitafuta.

## Wachukuzi

Serotonini ikishatoka kwenye seli moja ya neva na kufikisha ujumbe kwa jirani, haiachwi izagae. Kwenye utando wa seli iliyoitoa kuna protini zinazoidaka na kuirudisha ndani ili itumike tena. Kitaalamu ni visafirishi vya serotonini. Mimi nimeshazoea kuziita wachukuzi, maana nimekulia karibu na bandari na kazi naiona ni ileile: mzigo umeshuka, urudishwe ghalani. Sitalopramu, fluoksetini, setralini, paroksetini, zote zinamshika mchukuzi mkono. Serotonini inabaki gatini muda mrefu zaidi.

Sasa utawahesabuje wachukuzi ndani ya kichwa cha mtu anayepumua?

Unamtuma mgeni anayewafahamu kwa sura. Unatengeneza molekuli inayopenda kushikamana na mchukuzi na si kitu kingine, unaifunga atomu moja ya mnururisho, unaichoma mshipani kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kumtibu wala kumdhuru mtu kama dawa, kisha unaangalia inakwenda kukaa wapi. Rahisi kusema. Miaka ya 1990 watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore walifanya hivyo kwa molekuli iitwayo McN5652, nayo ikawa ya kwanza kuwaonyesha wachukuzi wa serotonini ndani ya mtu hai. Lakini ilikuwa inanasa hata pasipo na wachukuzi. Kwenye gamba la ubongo, ambako wachukuzi ni wachache, ulichokiona kilikuwa zaidi ni ukungu wa yenyewe.

Mwaka 2000 Alan Wilson, Sylvain Houle na wenzao wa Toronto wakatangaza molekuli nyingine, DASB. Hii inashika kwa nguvu panapostahili na inaachia haraka pasipostahili. Ukisoma tafiti za miaka iliyofuata, karibu kila jambo la maana lililojulikana juu ya wachukuzi hawa ndani ya binadamu limepita mikononi mwa DASB. Nasisitiza kwa sababu tukisikia "picha ya ubongo" tunafikiri ni kamera inaona kilichopo. Hapana. Inaona kile ambacho mgeni uliyemtuma ameweza kukishika.

## Dakika ishirini

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hujifunza nusu-maisha kwa sarafu mia. Unazirusha, zilizoangukia kichwa unaziondoa, unarusha zilizobaki. Mia, hamsini, ishirini na tano. Kila mrusho ni nusu-maisha moja. Siku hizi nikisikia mlio wa sarafu juu ya dawati naiwaza kaboni-11, maana mrusho wake mmoja ni dakika 20.

Ndiyo atomu inayofungwa kwenye DASB. Saiklotroni, mashine ya kukimbiza chembe, huvurumisha protoni kwenye gesi ya naitrojeni, kaboni-11 inazaliwa, na tangu hapo saa inakimbia. Mkemia anatakiwa aifunge kwenye molekuli, aisafishe, aihakiki kwamba haina sumu wala vijidudu, iingie kwenye sindano, imfikie mtu aliyekwisha kulazwa kwenye mashine, huku kila dakika 20 nusu yake ikipotea. Kupima kwenyewe huchukua kama dakika 90. Kati ya kila atomu mia zilizokuwapo sindano ilipoingia, mwishoni zimebaki kama tano.

Kwa hiyo kipimo hiki hakisafirishwi. Nairobi ipo saiklotroni inayotengeneza florini-18 kwa vipimo vya saratani, na hiyo inavumilia: nusu-maisha yake ni kama dakika 110. Kaboni-11 sharti izaliwe mlango wa pili kutoka kwenye kitanda cha anayepimwa.

Kila atomu inapokufa inatoa positroni, elektroni yenye chaji kinyume. Positroni inasafiri milimita moja hivi ndani ya ubongo, inakutana na elektroni, vyote viwili vinatoweka, na mahali pake panatoka miali miwili ya gama inayokimbia pande mbili zinazotazamana. Pete ya vipokezi kuzunguka kichwa inaikamata kwa wakati mmoja, kompyuta inachora mstari kati yao. Mamilioni ya mistari. Pale inapokatana kwa wingi ndipo mgeni alipokaa.

Nimefundisha maangamizi ya positroni na elektroni miaka kumi na moja kama swali la mtihani. Sikuwahi kuliwaza kama tukio linalotokea ndani ya kichwa cha mtu aliyelala kimya, akisubiri kuambiwa ainuke.

## Sifuri ya mizani

Jambo lililonichelewesha kuelewa ni hili. Mgeni hashikwi na wachukuzi tu. Wageni wengine wanaelea kwenye damu, wengine wamejibanza kwenye mafuta ya seli. Utawatoaje kwenye hesabu?

Watafiti wanatumia serebelamu, ule ubongo mdogo ulio kisogoni, kwa kuwa huko wachukuzi wa serotonini karibu hawapo. Kinachoonekana pale kinachukuliwa kuwa ni cha kuelea tu. Wanalinganisha: ubongo wa kati, thalamasi na striata, sehemu za ndani ya ubongo zenye wachukuzi wengi, dhidi ya serebelamu. Uwiano unaopatikana ndio namba ambayo kila utafiti unaijadili.

Muuza samaki sokoni huweka sahani tupu kwenye mizani kwanza ili mshale ukae sifuri. Serebelamu ndiyo sahani tupu. Lakini neno "karibu" lipo pale. Haiko tupu kabisa, na kama kwa kundi fulani la watu serebelamu imebadilika hata kidogo, mizani yote imehama na hakuna atakayejua kwa kuitazama picha.

Tena namba yenyewe ni moja, sababu ni nyingi. Ikishuka, yawezekana wachukuzi wamepungua. Yawezekana nyuzi za neva zimekatika na wachukuzi wakaondoka nazo. Yawezekana wapo wote, ila wanashikika kwa shida. Serotonini yenyewe haipimwi hapa hata chembe.

Hilo la mwisho lilinifanya nifunge kompyuta. Nilikuwa nimemwambia dada kwamba wangeiona.

## Picha haikuona huzuni

Tafiti zilizolinganisha watu wenye sonona na wasio nayo hazikubaliani. Kuna zilizokuta wachukuzi pungufu kwa wagonjwa. Kuna zilizokuta wengi zaidi. Kuna zilizokuta hakuna tofauti. Mapitio yaliyokusanya nyingi pamoja yaliona upungufu kidogo kwenye ubongo wa kati na amigdala, kisehemu cha ubongo kinachohusika na hisia; ni tofauti ya wastani wa makundi, isiyoweza kumtambulisha mtu mmoja aliyesimama mlangoni kwa daktari.

Halafu nikafika kwenye baridi.

Mwaka 2008 Nicole Praschak-Rieder na wenzake wa Toronto walichapisha vipimo vya DASB vya watu 88 wenye afya njema, vilivyokusanywa kati ya 1999 na 2003. Wakavipanga kwa tarehe. Waliopimwa majira ya vuli na baridi walikuwa na namba za juu kuliko waliopimwa majira ya kuchipua na kiangazi, kana kwamba jua likipungua wachukuzi wanaongezeka na serotonini inaondolewa gatini haraka zaidi. Hawakuwa wagonjwa. Ni watu waliopimwa Januari na watu waliopimwa Juni.

Kwa hiyo ukiwalinganisha wagonjwa waliojitokeza Novemba na wazima waliojitokeza Mei, umepima ugonjwa au umepima kalenda?

Nikamuwaza dada, aliyekulia digrii tano kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, sasa anaishi mji ambao Desemba giza linaingia watoto wakiwa ndiyo kwanza wametoka shule. Sina haki ya kusema hilo ndilo lililomuuguza. Utafiti wa Toronto hausemi hivyo. Lakini siwezi kulitoa kichwani.

Nikampigia, nikamwambia nilikosea. Mashine isingeiona sonona yake. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo waliosema hakipo wamesema kweli?"

Nilimjibu ninachokiamini hadi sasa: kidonda hupona kwa mshono, na hakuna aliyewahi kupata kidonda kwa sababu alizaliwa na upungufu wa uzi. Nadharia ya upungufu inaweza kuanguka na dawa ikabaki imemsaidia mtu. Yeye mwenyewe anakumbuka mwezi alioanza kula tena.

## Mkunjo

Kipimo hiki hakiwezi kumwona mgonjwa. Kuna kitu kimoja lakini kinakiona vizuri kuliko kitu kingine chochote duniani: kinakiona kidonge.

Fikiria. Unampima mtu kwa DASB, unapata namba. Unampa sitalopramu wiki kadhaa, unampima tena. Safari hii mgeni akifika anakuta wachukuzi wameshashikwa mikono, hana pa kukaa. Namba inashuka, na kiasi kilichoshuka ndicho asilimia ya wachukuzi walioshikwa na dawa. Sifuri ya mizani ikiwa na kasoro, ni kasoro ileile mara zote mbili, kichwa ni kilekile.

Jeffrey Meyer na wenzake wa Toronto walifanya hivyo na kuchapisha mwaka 2004: watu 77, dawa tano, dozi mbalimbali. Kila dawa, kwa dozi yake ndogo kabisa ya kutibu, ilikuwa imeshika kama asilimia 80 ya wachukuzi kwenye striata. Ukiongeza dozi mara mbili au tatu, asilimia hazipandi tena ila kidogo. Mkunjo unapaa kwa kasi mwanzoni, kisha unalala.

Nikachukua daftari la grafu. Miligramu 20: karibu 80. Miligramu 10: karibu 71. Miligramu 5: karibu 58. Sifuri: sifuri.

Nikaitazama ngazi ya dada upya.

Hatua ya kwanza, nusu nzima ya dozi, iliwaachia wachukuzi 9 katika mia. Ya pili, 13. Ile nusu ya kidonge iliyorukia kwenye sinki, ile aliyookota chenga zake kwa kidole, ilikuwa bado imeshika wachukuzi 58 katika kila mia. Aliambiwa aiachie siku moja.

Kabla kidato hakijawa darasa la sekondari, kwetu kilikuwa tundu linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Hakuna mkwezi anayechonga vidato viwili vilivyokaribiana kule kileleni kisha akaacha shina tupu kuanzia katikati hadi chini.

Kidato cha mwisho cha dada hakikuchongwa.

## Miaka kumi na mitano

Mkunjo ule ulichapishwa 2004. Machi 2019 Mark Horowitz na David Taylor wa London waliuchukua wakaugeuza upande wa kushukia: kama unataka kila hatua iachie kiasi sawa cha wachukuzi, dozi zako kwa sitalopramu ziwe takriban 20, 9, 5.4, 3.4, 2.3, 1.5, 0.8, kisha chini ya nusu miligramu, ndipo uache. Horowitz ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliteseka alipojaribu kuziacha dawa hizi.

Katikati hapo ni miaka 15. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa 2009 ulisema dozi ishushwe taratibu, kwa kawaida ndani ya wiki nne, na kwamba dalili za kuacha kwa kawaida ni nyepesi na hupita kwa wiki moja hivi. Oktoba 2019 maneno hayo yakarekebishwa. Mwongozo mpya wa 2022 unasema ushushe kwa sehemu ya dozi iliyopo, na ukifika chini kabisa ufikirie dawa ya maji.

Nakasirika, na sitaki kujifanya sikasiriki. Namba zilikuwapo, na wenye elimu ya kuzisoma walikuwapo. Sasa nadhani najua kilichotokea. Macho yote yalikuwa kwenye swali kubwa, kama picha itaionyesha sonona, na mkunjo ukasomwa kutoka kushoto kwenda kulia tu, dozi gani inatosha kuanza. Aliyekaa upande wa kulia akitaka kutoka hakuwa na swali lililoandikwa kwenye utafiti wa mtu.

Pamoja na hasira, mashaka ninayo. Mkunjo ni mstari uliopitishwa katikati ya nukta. Watu hawakai juu ya mstari. Ni striata, si ubongo wote. Kushikwa kwa wachukuzi si dalili, na hakuna aliyeingia bafuni na mashine kupima shoti za dada. Naamini hesabu hii kwa sababu inaeleza kwa nini 20 hadi 10 hakuhisi kitu na 5 hadi sifuri akaanguka. Hiyo ni sababu nzuri, si uthibitisho. Kuna watu huacha kutoka 20 na wasipate lolote. Na kama unatumia dawa hizi, tafadhali usichukue namba zangu ukaenda nazo jikoni. Zipeleke kwa daktari wako, kaeni nazo pamoja. Mdogo wake mtu si daktari.

## Tone

Dada alizipeleka. Si kwa aliyemwelekeza mwanzo, kwa mwingine, na mfamasia akakaa nao. Alibaki kwenye 20 hadi alipotulia, kisha wakamhamishia kwenye sitalopramu ya matone. Matone manne ni miligramu 8, nayo huhesabiwa sawa na kidonge cha 10. Tone moja basi ni kama robo ya kidonge hicho. Nilipiga hesabu mara mbili kabla ya kumwambia: tone moja, ukilisoma kwenye mkunjo, bado limeshika wachukuzi zaidi ya 40 katika mia.

"Tone moja?"

"Moja."

Juzi alinipigia tena. Simu imeegemezwa kwenye chupa ileile ya mafuta, glasi ya maji imekaa mahali palipokuwa na sahani. Ameshuka hadi manne. Wamekubaliana na daktari kwamba hatagusa tena hesabu hadi Machi, siku zitakapokuwa zimerefuka. Daktari alilisikiliza la Toronto na la majira, akasema halina uhakika ila halina hasara.

Akainamisha kichupa. Tone likatokea mdomoni, likavimba, likakataa kuanguka.

"Nyamaza kwanza, mdogo wangu," akasema, "nihesabu."